Trekta la Eda

Shemeji yangu aliuchukua ufunguo wa trekta msumarini siku ya nne baada ya kumzika mume wangu. Hakupiga hodi. Alipanda ngazi na viatu vyake, akaingia ukumbini nilipokuwa nimekaa na wanawake wa matanga, mimi mjane wa siku nne, kichwa wazi, hata ikabidi shangazi mmoja anitupie leso haraka haraka. Yeye hata uso hakugeuza. Akanyoosha mkono juu ya mlango wa chumba chetu cha kulala, pale mume wangu alipokuwa akiutundika ufunguo kila arudipo shambani, akauchukua, akautia mfukoni.

"Shemeji, waupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Chuma chakavu kile. Nimepata mtu wa kukichukua kabla hakijaoza. Wewe kaa na tasbihi yako, mke wa kaka. Trekta si sufuria."

Kuna mwanamke aliyecheka. Namjua ni nani, na siku yake ipo.

Mimi si mtu wa kusahau. Watu huniambia, samehe, dunia ni mapito. Nami huwajibu, mwenye kovu usidhani kapoa. Yale maneno matatu, trekta si sufuria, niliyalalia na kuyaamkia. Nikiswali, yapo. Nikimimina chai, yapo. Nilimwomba Mungu aniondolee chuki, lakini wallahi nilikuwa namwomba kwa sauti ndogo, asije akanisikia.

Shamba lenyewe liko ng'ambo, mwendo wa zaidi ya saa moja ukishavuka Likoni. Mume wangu alifanya kazi ofisini bandarini, na kila Ijumaa baada ya swala alikuwa akienda shambani na kurudi Jumapili, nguo zinanuka dizeli. Alikuwa akilima mahindi, kunde na mihogo. Mungu alitupa binti mmoja tu, na kwa mirathi yetu, mtu akiacha binti bila ya mvulana, ndugu yake wa kiume naye hupata fungu. Mimi na binti yangu tulipata fungu kubwa, shemeji akapata dogo, na hilo halikumkalia vizuri tumboni. Yeye alikuwa mtu wa kutoa mizigo bandarini, amezoea kuamuru, simu mbili mkononi. Alilitaka shamba zima.

Baada ya wiki moja alimtuma mkewe aniletee bahasha. Ndani mlikuwa na sehemu yangu ya bei ya trekta, bahasha nyembamba kama mchango wa harusi ya mtu usiyemjua. Mkewe aliiweka juu ya mkeka, hakuniangalia machoni. "Ameniambia nikupe hii, dada," akasema, kisha akaingia jikoni kuosha vyombo vyangu. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, na mikononi alikuwa na bangili zake za dhahabu za mahari, sita huku na sita huku. Akiosha vyombo bangili zililia ukazisikia mpaka chini barabarani. Alinijia kila siku ya eda yangu. Alinisuka nywele, aliniletea mahamri na mbaazi, na siku ambazo sikuweza kula alikaa karibu yangu mpaka nikala.

Siku ya arobaini wanaume wa ukoo walikutana ukumbi wa chini baada ya hitima, nami nikakaa juu ya ngazi, nyuma ya pazia, nikisikiliza. Shemeji ndiye aliyesimama. Akasema shamba si pambo la kuwekwa ukutani. Akasema yeye hana ubaya na mtu, ila kila mwenye fungu alime. Na atakayeshindwa kulilima fungu lake lote kabla masika hayajakolea, amwachie mwenzake kwa bei watakayoisema wazee.

"Taib," wakasema wazee. Mmoja akaita juu, "Mama, wasikia? Wakubali?"

Kila mtu alikuwa akingoja ninyamaze, maana kwa wengi wetu mwanamke akinyamaza huhesabiwa amekubali. Trekta sina, mume sina, na kutoka siwezi. Shemeji alishanipiga hesabu akanimaliza.

"Nakubali," nikajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Na iandikwe."

Nikamsikia akicheka. Ikaandikwa, wazee watatu wakatia sahihi, yeye akatia ya kwake, na binti yangu akaniletea karatasi juu nikatia yangu. Karatasi ile niliikunja nikaitia ndani ya msahafu.

Sasa, eda ni miezi minne na siku kumi. Sheria yampa mjane ruhusa ya kutoka mchana kwa dharura, hilo nalijua vizuri, lakini mtaa wetu nyuma ya Ndia Kuu una sheria zake, na shemeji alikuwa akiningoja nitoe unyayo tu apate la kusema barazani. Ikawa lazima nipate trekta bila ya kushuka ngazi. Na si trekta tu, bali trekta lisiloniaibisha, kwa sababu likifa katikati ya shamba, shamba limekwenda.

Alichokuwa hakijui shemeji, maana hakuwahi kuniuliza chochote tangu nilipoolewa, ni kwamba mimi nimekulia dukani. Babangu alikuwa na duka la spea. Leo pale pauzwa vifuniko vya simu, lakini zamani ukiingia ulipokewa na harufu ya grisi na ya maboksi mapya. Nikitoka chuoni kusoma Kurani nilikuwa nakaa juu ya boksi la filta, babangu akiniita jina la kitu nami namletea. Nilizijua beringi kwa namba kabla sijajua kupika wali. Wakulima wa ng'ambo walikuwa wakija kumuuliza, "Bwana, trekta gani zuri?" Naye jibu lake lilikuwa moja: "Yote mazuri siku ya kwanza. Niulize lipi likiharibika Jumatatu, Jumanne lalima."

Kwa hivyo nikalifanya jambo lile kama inavyofanywa posa. Hapa kwetu kijana akileta posa huendi kumuuliza mamake kama mwanawe ana tabia njema. Wamuuliza jirani. Wamuuliza muuza kahawa, yeye ndiye ajuaye huyu bwana akikasirika huwaje. Mwenye yadi, anayeuza matrekta, ni mama wa kijana. Nikamwacha kando.

Binti yangu alikuwa akisoma chuo cha ufundi kule karibu na Buxton, kozi ya mapishi, si ya mitambo. Nilimwambia akitoka masomoni apite kwenye yadi anikusanyie karatasi za matangazo. Akaniletea za aina tatu. Majina ya makampuni siyataji, sitaki barua za mawakili. Nitayaita kwa rangi, kama wanavyoyaita madereva wenyewe. Kulikuwa na jekundu. Kulikuwa na la buluu, aina ile ile aliyokuwa nayo mume wangu. Na kulikuwa na jipya kabisa mjini, jeusi lenye mistari ya dhahabu, taa kama za gari la harusi, kiti cha ngozi, na mahali pa kuwekea kikombe. Lo! Mtu alima au aenda fungate? Hilo jeusi lilikuwa likiuzwa na rafiki yake shemeji, na maneno yalishanifikia kwamba shemeji analipigia hesabu, ati akilinunua la kwanza atafanywa wakala wa Pwani nzima.

Nikachukua simu. Nikapiga maduka matatu ya spea, moja Majengo, moja karibu na stesheni ya zamani, moja ng'ambo. Kote niliuliza vitu vinne vile vile kwa kila trekta: pleti ya klachi, pampu ya maji, nozeli, na sili za haidroliki, zile za mpira zinazozuia mafuta kwenye mkono unaoinua plau. Sikusema mimi ni nani. Nilisema mimi ni mama mmoja na trekta langu limekufa.

"La buluu?" akaniambia wa Majengo. "Wataka asli au ya kuiga?"

"Asli."

"Ipo, mama. Na ya kuiga ipo. Njoo tu."

La jekundu, vitu viwili vilikuwepo na vyengine viwili aliniahidi keshokutwa. Nilipotaja jeusi, yeye ndiye aliyeniuliza mimi.

"Jeusi lipi hilo, mama?"

Wa pili aliniambia hilo bado geni, yabidi waagize nje, wiki sita, wiki nane, inshallah. Wa tatu naye akasema inshallah. Babangu alikuwa akisema, muuza spea akitaja mashine na inshallah kwa pumzi moja, ikimbie. Nikatia alama kwenye karatasi ya trekta jeusi, nikaiweka chini ya zote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile jeusi lilikuwa likitembezwa mji mzima juu ya lori, lina puto na kipaza sauti.

Kisha nikampigia dereva wa marehemu. Huyu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyemwendeshea mume wangu miaka mingi na bado akilala kule kule shambani. Nilimwambia apite mashamba yote ya karibu awaulize madereva, asiwaulize wenyewe wenye matrekta. Mwenye trekta hulisifu kwa sababu amelilipia. Dereva ndiye aingiaye chini yake kwenye matope.

"Mama, hilo sina haja ya kwenda kuuliza," akaniambia. "La buluu. Lile letu nililitengeneza kwa waya na bado likalima."

"Nenda uulize hata hivyo."

Akaenda siku nne. Akarudi na jibu lile lile.

Wiki ile ile ndipo alipokuja mke wa shemeji na swali lake. Ilikuwa mchana, amemaliza kunisuka, amekaa nyuma yangu na kitana bado mkononi. Nikamsikia akizizungusha bangili zake, moja baada ya moja.

"Dada," akasema, "wewe mambo haya wayajua tangu dukani kwa marehemu baba. Lile trekta jipya, lile jeusi. Ni jema?"

Hapa kwetu mwanamume akitaka neno kwa mjane wa eda humtuma mkewe. Bahasha yangu ililetwa na yeye. Habari kwamba wazee watakaa siku ya arobaini ililetwa na yeye. Kwa hivyo sikumsikia yeye. Nilimsikia mumewe, nikamwona na viatu vyake ukumbini mwangu, mkono wake juu ya mlango. Nikasema moyoni, leo umekuja kumuuliza mwenye tasbihi. Haya.

Karatasi zilikuwa chini ya mto nilioegemea. Ningeweza kumwonyesha. Badala yake nikageuka, nikamchekea usoni.

"Mashallah, zuri sana," nikamwambia. "Rangi yake, taa zake. Kiti chake cha ngozi."

"Hapana, nasema kwa kazi. Kwa shamba. Wewe ungelinunua?"

"Kama ningekuwa na uwezo," nikajibu, "nisingengoja kesho."

Alikiweka kitana chini. Kisha akasema, "Haya, dada. Nashukuru." Akakunja leso yake, akaenda zake. Nami nilikaa pale nikajisikia kama mtu aliyekunywa maji baada ya saumu. Mwongo mimi, ndiyo. Usiku ule nilimwomba Mungu msamaha wa ule uongo, na asubuhi nilikuwa bado naufurahia.

Baada ya siku chache habari zikaja: shemeji amelinunua jeusi. Amelipitisha barabarani na honi, watoto wanalikimbilia. Mkewe aliendelea kunijia kila siku, akinipikia, akiniosha vyombo. Aliviosha kimya siku hizo, sikusikia bangili. Nikadhani amezivua kwa heshima ya eda yangu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuvaa pambo, na nikamwona mwenye adabu sana.

Eda yangu ilikuwa imebaki kama mwezi na kitu dereva aliponipigia. "Mama, huku kuna la buluu lauzwa. Mwenyewe alikuwa akilikodisha, sasa ahamia biashara ya malori. Limepakwa rangi upya."

"Rangi sitaki kuijua. Kesho alfajiri likiwa baridi, kabla halijawashwa na mtu, liwashe wewe. Uniwekee simu karibu na injini."

Injini ya moto husema uongo. Ukitaka kuijua, isikilize ikiwa baridi. Asubuhi yake nimeswali, nimekaa juu ya msala na simu sikioni. Nikasikia ufunguo ukizungushwa. Likaguna, likakohoa mara moja, likashika. Nikamwambia alizime alirudie. Likashika mara ya kwanza. Na nyuma ya mngurumo nikasikia kitu kikigonga haraka haraka, bati juu ya bati.

"Hicho ni nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ni kopo, mama. Kopo la maziwa kwenye silensa."

Mume wangu aliitoboa silensa ile, bomba la moshi, kwenye kisiki, akaiziba kwa kopo la maziwa ya unga na waya. Miaka miwili, kila nikienda naye shambani, nilimpigia kelele abadilishe, anitia aibu, watu wamsikia toka mbali kama muuza vyuma. Akaniambia, ndiyo vizuri, utajua narudi. Nililia juu ya ule msala mpaka dereva akadhani simu imekatika.

"Mama? Sikutaka kukwambia kabla. Nilitaka usikie mwenyewe, usije ukasema nimekosea."

Chuma chakavu cha shemeji kilikuwa kimelima mashamba ya watu msimu mzima. Aliyelinunua alibadilisha pleti ya klachi tu. Nikalinunua kwa fedha alizoniachia marehemu na alizoachiwa binti yangu, naye alikubali kabla sijamaliza kusema. Hatukumwambia mtu. Binti alivuka akalipa, dereva akalipeleka shambani, na ufunguo wa pili binti akaniletea mimi. Niliutundika msumarini, juu ya mlango wa chumba, mahali pake.

Siku niliyotoka edani nilikoga, nikajifukiza udi, na asubuhi yake nikavuka. Matone ya kwanza yalishaanza kuanguka. Fungu letu lilikuwa limelimwa lote, udongo umegeuzwa mpaka kwenye ua wa minyaa, mbegu tayari ndani. Ng'ambo ya minyaa, kwenye fungu la shemeji, lilikuwa limesimama lile jeusi na mistari yake ya dhahabu. Lilikuwa limelima kipande kisichotosha hata kuanikia nazi. Plau lilikuwa limezama ardhini na halinyanyuki.

"Tangu lini?" nikamuuliza dereva.

"Siku ya tatu ya kazi, mama. Yadi wamesema spea ziko njiani, kwenye meli."

"Spea gani?"

"Sili za haidroliki."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matuta na buibui langu. Dereva alisimama pembeni, kofia mkononi, akingoja nimalize.

Matrekta ya kukodi yote yalikuwa yameshikwa, kila mkulima akikimbizana na mvua. Siku ya tano tangu nivuke, shemeji alikuja nyumbani. Alipiga hodi. Alipiga mara tatu, nami nikanyamaza makusudi mara mbili. Alivua viatu chini. Nilijifunga leso yangu vizuri, nikamkaribisha ukumbini, nikamkalisha kwenye kiti kinachotazama mlango wa chumba, ili kila akiinua macho auone ule ufunguo.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kwa heshima. Siku mbili tu. Niazime trekta lako, dereva nitamlipa mimi, dizeli yangu."

"Trekta lipi?"

"Hilo la buluu."

"Lile chuma chakavu?"

Akainamisha kichwa. Simu zake mbili zilikuwa kimya juu ya paja. Nilimwacha akae hivyo. Chini barabarani muuza vinyago alikuwa akibishana na wageni kuhusu bei ya simba wa mti, nikasikiliza ubishi wote mpaka mwisho kabla sijamjibu.

"Shemeji yangu," nikamwambia, "trekta si sufuria. Lingekuwa sufuria, ningekuazima."

Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu siku ya nne. Nikayatoa taratibu, sikupandisha sauti. Uso wake uligeuka rangi. Akainuka. Mlangoni akageuka akaniambia kwamba marehemu kakake asingefanya hivi, na nikamwambia ni kweli, marehemu alikuwa mtu mwema, ndiyo maana ulithubutu kuliuza trekta lake.

Mvua zikakolea. Karatasi nikaitoa ndani ya msahafu, wazee wakakaa ukumbi ule ule wa chini, nami nikakaa juu ya ngazi pale pale. Hakuna aliyekuwa na la kubisha, sharti alikuwa ameliweka mwenyewe na sahihi yake ipo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Fungu lake likaja kwetu kwa bei ya wazee, nikatoa kile kile walichosema. Nasikia fedha zote zilikwenda kwa rafiki yake wa yadi, aliyekuwa bado akimdai sehemu ya lile trekta jeusi.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi. Kwenye shughuli za harusi wanawake huniomba, tupe ile ya sufuria, nami huwapa, na hucheka mpaka wakajifuta macho kwa leso. Aliyecheka siku ya nne naye yupo, hucheka kuliko wote. Mimi humalizia pale shemeji anaposhuka ngazi miguu mitupu.

Kilichokuja baadaye sijakisimulia shughulini hata mara moja.

Mkewe alikuja wiki moja baada ya wazee kukaa. Alikuwa hajaja tangu nitoke edani. Nilimpikia kahawa, tukanywa, tukazungumza habari za mvua. Akaniambia wanahama, nyumba yao wataipangisha, watachukua vyumba viwili Majengo. Kisha akainuka kwa mazoea yake, akachukua vikombe, akaingia jikoni, akapandisha mikono ya buibui.

Mikono ilikuwa mitupu. Ilikuwa na alama tu, ngozi nyeupe kidogo pale dhahabu ilipokaa miaka ishirini.

"Bangili ziko wapi?" nikamuuliza. Niliuliza huku jibu nimeshalijua.

"Zilikwenda kwenye trekta, dada. Alikuwa akiniomba mwezi mzima. Mara mbili nilimkatalia. Mahari yangu, hana amri nayo, na hilo alilijua." Akafungua mfereji. "Nikamwambia, ngoja. Nikasema moyoni nitakwenda kwa dada, yeye amelelewa na vitu hivi. Akisema baya, sivui hata moja."

Nikamwambia, "Yeye ndiye aliyekutuma uniulize."

"Hakunituma mtu. Hata hakujua kwamba nimekuja." Alikuwa akisugua kikombe kimoja kile kile. "Yeye angekuuliza wewe? Ashawahi?"

"Mbona hukunambia swali ni lako mwenyewe? Mbona hukusema habari ya bangili?"

Alikisuuza kikombe, akakiinamisha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo siwezi kulivumilia mpaka leo.

"Nilikuuliza mimi, dada," akasema. "Ukamjibu yeye."

Akaosha cha pili, akavifunika vyote viwili juu ya sinia, akajifuta mikono, akanipa salamu nimfikishie binti yangu. Kisha akashuka ngazi. Nilisimama jikoni nikatega sikio mpaka akafika chini na mlango ukafungwa. Sikusikia bangili.